Jumamosi Alizozidai Wakili Hilaria Chuwa

Wakili Hilaria Chuwa anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uwakili hapa Moshi kwa miaka thelathini na moja. Aliingia akiwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya uwakili katika ofisi hii. Anatoka akiwa amewafundisha kazi karibu nusu ya wabia ambao majina yao yamechongwa kwenye kibao cha shaba pale mlangoni. Jina lake mwenyewe halimo kwenye kibao hicho, na kwa nini halimo nitaeleza hapa, kwa kuwa sioni mwingine aliyejitolea kueleza.

Uongozi uliponiomba niandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya hafla, niliambiwa uwe mfupi, uwe wa kuchangamsha, na usisahau kusema kwamba Wakili Hilaria "aliweka kazi mbele ya kila kitu". Ufupi umenishinda. Uchangamfu nitaujaribu. Ile sentensi nimekataa kuiandika. Kwa miaka ya mwanzo ya utumishi wake ilikuwa kweli, na ni aibu yetu. Kwa miaka iliyofuata ni uongo, na wanaoitamka wanajua kwamba ni uongo.

Hilaria alizaliwa Kibosho, katika kihamba cha migomba na kahawa kilichokuwa juu kidogo ya parokia. Baba yake alikuwa katekista na mama yake aliuza maziwa. Alisoma sheria Dar es Salaam, akarudi mwaka 1994, akapokelewa na mwanzilishi wa kampuni hii, Wakili Ildefonce Mringo, ambaye sote tunamwita Mzee. Mwaka uliofuata aliolewa na Wenseslaus, mwalimu wa sekondari wa huko huko Kibosho, wakajenga nyumba yao upande wa juu, mahali ambapo wakati wa masika gari likikwama linaachwa mpaka jua litoke.

Kwa hiyo msimu wa mvua alishuka mjini kwa miguu hadi penye lami, amevaa mabuti ya mpira, viatu vya mahakamani vikiwa kwenye kikapu. Siku moja alichelewa, akaingia moja kwa moja mbele ya hakimu akiwa na joho, kola nyeupe na mabuti yenye tope hadi magotini.

"Wakili," hakimu akamwuliza, "leo umekuja kusikiliza shauri au kupalilia?"

"Yote mawili, Mheshimiwa," akajibu. "Hoja za wenzangu zina magugu mengi."

Shauri hilo alishinda. Alishinda pia lile la mjane wa Marangu ambaye mumewe, mpagazi, alifariki akiwa kazini mlimani. Matanga hayajaisha, shemeji zake wakataka kumtoa kwenye kihamba. Hilaria aliliomba baraza la ardhi lifike kwenye eneo lenyewe. Shemeji mkubwa alikuwa ameapa kwamba kahawa ile aliipanda yeye, miaka thelathini iliyopita. Hilaria akamwomba awaonyeshe wajumbe miti hiyo. Mtu yule, kwa kujiamini kabisa, akaenda kusimama katikati ya miche iliyomfika magotini. Mwenyekiti wa baraza aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu ili asionekane akicheka. Yule mama bado anaishi pale, na kahawa anachuma mwenyewe.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa kila mwaka kwenye sherehe zetu. Mimi nataka kusimulia yasiyosimuliwa.

Kila mtu wa mkoa huu anajua Desemba ilivyo. Watu wetu wote walioko Dar, Mwanza na Dodoma wanapanda nyumbani kwa Krismasi. Wakishafika, wakishakula, wanaanza kuangalia mimea ya masale iliyopandwa mpakani na kuona kwamba ndugu amesogea. Asubuhi ya tarehe ishirini na sita wanataka wakili. Mzee aliona biashara hapo, akaamua kwamba ofisi haifungwi sikukuu. Na kwa kuwa Hilaria alikuwa anaishi huko huko juu, kazi hiyo ilipewa yeye. Familia kutoka Dar zilikuwa zinakula Krismasi na wazazi wao. Yeye aliyeishi mwendo wa dakika chache kutoka kwa mama yake alikuwa kwenye migomba ya watu, ameshika kamba ya kupimia, anasikiliza kaka na dada wakitukanana. Mama yake alimwekea chakula Krismasi hadi Krismasi, na kila mara kikaliwa na wengine. Mwaka ambao mama huyo alifariki, Hilaria alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atakaa.

Halafu kuna kipaimara cha Veronika, binti yake wa pekee.

Ilikuwa Mei 2006. Askofu alikuwa anakuja parokiani siku ya kazi, na Hilaria aliomba ruhusa mapema kabisa.

"Mzee, siku hiyo Veronika anapata kipaimara. Naomba kwenye rufaa ya Arusha aende mwingine."

"Anayepakwa mafuta ni Veronika au ni wewe?" Mzee akamwuliza. "Nenda Arusha."

Akaenda Arusha. Alipofika, wakili wa upande wa pili hakuwepo. Badala yake alisimama kijana mmoja akainamisha kichwa mbele ya Jaji.

"Mheshimiwa Jaji, wakili mwenzangu anaomba radhi. Leo mwanawe anapata kipaimara huko Kibosho."

"Hilo ni jambo la maana," Jaji akasema. "Wakili Chuwa, una pingamizi?"

Hilaria alisema hana. Shauri likaahirishwa, akarudi kukaa ndani ya gari kwenye maegesho ya mahakama, na hakuliwasha kwa muda mrefu. Picha ya siku ile imetundikwa sebuleni kwake. Veronika yuko katikati na gauni jeupe, Wenseslaus yuko kulia, na kushoto, kwa kuwa watoto wao walikaa benchi moja, amesimama yule wakili wa upande wa pili, amevaa tai nyekundu, anatabasamu. Veronika alipoonyeshwa picha hiyo ikiwa imesafishwa, alimwuliza mama yake jambo moja tu.

"Mama, kwani huyu naye si wakili?"

Hilaria alinisimulia hayo miaka mingi baadaye kwa sauti ya kawaida, huku akimenya chungwa. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza chakula.

Mwili nao ulisema. Daktari alimwambia presha yake ni ya mtu anayetafuta kuanguka. Alipomweleza Mzee, Mzee alicheka, akaligeuza jambo hilo kuwa utani wa ofisi: wakili asiye na presha hana wateja. Utani huo bado unasemwa. Niliusikia tena mwezi uliopita, ukisemwa na mtu wa miaka ishirini na minane huku anameza vidonge.

Sasa nifike mwaka 2013, na kwa Primus.

Primus Mtui alikuwa wakili kijana, mtoto wa Marangu, mchapakazi, mwenye kucheka kwa sauti. Ndoa yake ilikuwa changa kabisa. Wiki ile alitoka Arusha, akaandaa hoja za mashauri ya mawakili wawili waliokuwa wamesafiri, na alipoomba siku moja ya kulala kabla ya kwenda Same, Mzee alimwambia, "Utalala ukiwa jaji." Primus akacheka, kama alivyozoea, akachukua ufunguo wa gari.

Alimaliza kazi Same. Akirudi mchana, jua likiwa kali, kabla ya kufika njia panda ya Himo alisinzia kwenye usukani. Gari liliingia chini ya lori lililokuwa limeegeshwa. Nyonga ilivunjika na jicho la kushoto halikuokoka.

Hilaria ndiye aliyefika hospitali wa kwanza, kwa sababu mke wa Primus alikuwa bado njiani kutoka Marangu. Alimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, uso umefungwa, anatetemeka. Primus aliisikia sauti yake akamshika mkono.

"Mama, samahani," alisema. "Jalada la Same liko chini ya kiti cha abiria. Mwambie Mzee hoja nilimaliza."

Alikuwa anaomba msamaha. Naomba msomaji asipite hapo haraka. Kijana amepoteza jicho akiwa kazini kwetu, na neno lake la kwanza ni kutuomba sisi msamaha.

Wauguzi walipoanza kumsukuma, simu ya Hilaria ikaita.

"Hilaria, uko naye?" Ilikuwa sauti ya Mzee.

"Niko naye. Anaingizwa chumba cha upasuaji."

"Nimeambiwa. Pole sana. Jalada limepatikana?"

"Mzee, nimesema anaingizwa chumba cha upasuaji."

"Nimekusikia. Na mimi nauliza jalada, maana kesho asubuhi linatakiwa."

"Liko chini ya kiti," Hilaria akasema, "na kiti kimejaa damu yake. Njoo ulichukue mwenyewe."

Akakata simu. Tangu aajiriwe alikuwa hajawahi kumkatia Mzee simu. Mzee hakuja. Alimtuma dereva, na dereva alipitia kwanza kituo cha polisi ambako gari lilivutwa, akachukua jalada, ndipo akaja hospitali kutoa pole.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na kikao cha ofisi nzima. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kwa mafunzo ya vitendo, nimewekwa pembeni niandike kumbukumbu za kikao. Mzee alifungua kwa sala, akasema uzembe barabarani ni suala la mtu binafsi, akatutaka tumwombee mwenzetu. Kisha akataja ajenda inayofuata.

Hilaria akasimama.

"Si uzembe," alisema. "Alisinzia kwa sababu hakuwa amelala, na hakuwa amelala kwa sababu tulimkatalia."

"Mama Veronika," Mzee akasema kwa upole ule wake wa mbele za watu, "wiki ijayo jina lako linaletwa kwa ajili ya ubia. Unalijua hilo. Kaa chini tuendelee."

"Nalijua. Bado nimesimama."

Akasema alichotaka. Mtu asitumwe mahakama ya mbali na kurudi siku hiyo hiyo akiendesha mwenyewe. Likizo ichukuliwe, isiwe ya kwenye karatasi. Ofisi ikifungwa jioni, na siku za Jumamosi na Jumapili, simu zinyamaze, isipokuwa mteja amekamatwa na polisi. Na mtu mwenye msiba, mgonjwa au sakramenti ya mwanawe asiulizwe swali la pili.

"Hii ni ofisi ya mawakili," Mzee akasema. Upole ulikuwa umekwisha. "Si mahali pa kulea watu. Anayetaka kulala akalale kwao."

"Sawa. Basi mimi nakwenda kwetu. Likizo ambazo sijawahi kuchukua naanza kuzichukua leo."

Alichukua mkoba wake akatoka. Hakuna aliyemfuata. Leo nasikia watu wakisimulia kwamba walisimama naye, msiwaamini. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba tulimsikia akimsalimia mlinzi huko nje. Mzee alinigeukia akaniambia hayo yasiingie kwenye kumbukumbu. Hayakuingia. Ndiyo sababu yanaingia hapa.

Huko Kibosho alilala. Wenseslaus anasema mke wake alilala kama mtu aliyetoka vitani, akiamka kula mtori wa ndizi tu na kurudi kitandani. Siku za mwanzo simu iliita mfululizo. Wenseslaus, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, aliichukua, akaizika ndani ya debe la unga wa mahindi, akaweka mfuniko. Hilaria aliitafuta siku nzima. Siku ya pili aliacha kuitafuta.

Mzee aliamini atarudi mwenyewe, amenyenyekea. Alikosea kwa sababu ya wazee wa Marangu.

Wakulima wa kahawa wa kule walikuwa na rufaa kubwa ya shamba lao la ushirika, na Hilaria alikuwa ameibeba kwa miaka. Ofisi iliwapa wakili mwingine. Wakakataa. Wakakodi gari wakazunguka hadi Kibosho, wakamkuta anakata majani ya ng'ombe, kichwani ana kilemba, miguuni yale mabuti.

"Shikamooni wazee wangu," akawasalimia. "Karibuni maziwa."

"Marahaba mama. Tumekuja kwa ajili ya rufaa."

"Rufaa iko mahakamani, haikimbii, na tarehe yake bado iko mbali. Mimi niko likizo. Nikirudi tutaikamilisha pamoja."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao, ambaye mjukuu wake alikuwa amesoma darasa moja na Primus, akaweka kikombe chini.

"Yule kijana wetu tumekwenda kumwona," alisema. "Pumzika, mama. Ukianguka na wewe, nani atatusemea?"

Walishuka moja kwa moja hadi ofisini kwetu wakamwambia Mzee kwamba wanamsubiri Mama Chuwa, na kwamba akiendelea kubughudhiwa huko nyumbani wataondoka na shauri lao lote. Wateja wengine wakasikia. Wakaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine, mama anarudi lini na kwa masharti gani. Kilio cha mke wa Primus hakikumgusa Mzee. Wateja walimgusa.

Hilaria aliporudi, yale aliyoyataka yalikuwa yamebandikwa ubaoni yakiwa na sahihi ya Mzee. Jina la Hilaria halikutajwa popote. Yalitekelezwa, na yametekelezwa kwa miaka mingi. Mimi niliajiriwa chini ya utaratibu huo. Nimezaa watoto wawili katika ofisi hii na hakuna aliyenipigia simu wodini. Kabla ya 2013 mawakili wanawake waliopata watoto hapa waliondoka, nendeni mkawaulize.

Ila gharama ililipwa, na alilipa yeye peke yake. Wiki ile ya ubia ilipita kimya. Baadaye ubia ukapewa mtu aliyeingia kazini miaka saba baada yake, mtu aliyefundishwa na yeye jinsi ya kuandika hati ya madai. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Chumba chake chenye dirisha la kuuona mlima kilichukuliwa, akahamishiwa kile kilichopakana na mashine ya fotokopi, ambacho kinanuka wino na kutetemeka mchana kutwa. Wazee wa Marangu walimng'ang'ania, na rufaa yao akashinda. Lakini mashauri makubwa mapya hakupewa tena. Kwenye sherehe za mwisho wa mwaka Mzee alimwita "mama wa saa kumi na moja", na watu wakacheka, pamoja na wale waliokuwa wakitoka saa kumi na moja kwa sababu yake.

Najua kuna watakaosema hafla si mahali pa maneno haya. Ni kweli wapo wanaopenda kusikia uchungu wa mtu ukiwa umepakwa sukari na kutolewa pamoja na keki. Mimi siwezi. Nimekaa chumba cha jirani kwa miaka mingi nikiisikia ile mashine.

Na yeye je, alifanya nini na muda alioudai? Aliishi. Alirudi kwenye kwaya ya parokia, sauti ya pili, mazoezi kila Jumamosi. Presha ilishuka, na daktari akampunguzia dawa. Alikuwepo Veronika alipohitimu uuguzi, alikuwepo siku ya harusi yake, na alikuwepo leba mjukuu alipozaliwa. Jioni yeye na Wenseslaus walikuwa wanazunguka kihamba pamoja wakikagua migomba na kubishana ndizi ipi ni ya kupika machalari na ipi ni ya pombe ya mbege. Kazi yake haikushuka hata kidogo. Waulizeni mawakili wa upande wa pili. Walikuwa wanaogopa zaidi kumkuta Jumatatu asubuhi, kwa sababu wao walikuwa wamechoka na yeye hakuchoka.

Jumamosi nyingine, kabla ya mazoezi, alikuwa anakwenda Marangu kumwona Primus. Mwanzoni Primus hakutaka kumwona mtu. Alikuwa amegeuza kiti chake kikatazama ukuta. Hilaria hakumpa moyo kwa hotuba. Alimpelekea mikataba ya watu wa kawaida, akamwambia, "Nisaidie, macho yangu yanachoka."

"Mama, mimi nina jicho moja," Primus akamwambia.

"Basi tukiweka pamoja tuna matatu. Soma."

Hivyo ndivyo alivyorudi kazini. Leo Primus ana ofisi yake ndogo Himo. Anatembea kwa fimbo, anafunga saa kumi, na yuko nasi asubuhi hii, mstari wa mbele. Kampuni yetu, ambayo gari lake ndilo alilokuwa analiendesha, ilimtembelea nyumbani mara moja tu, na ilikuwa kuchukua kompyuta ya ofisi.

Mwaka jana tulipewa tuzo Dar es Salaam, ya mwajiri anayejali ustawi wa wafanyakazi. Mzee alipanda jukwaani akasema kwamba tangu siku ya kwanza kampuni hii imeamini kwamba wakili ni binadamu kabla ya kuwa wakili. Tangu siku ya kwanza! Tuzo imewekwa mapokezi, kwenye kabati la kioo. Siku ilipoletwa nilikwenda kwenye kile chumba cha fotokopi nikiwa na hasira, nikamwuliza Hilaria amejisikiaje.

"Watoto wanalala?" aliniuliza.

"Watoto gani?"

"Hawa mawakili wadogo. Wanalala usiku?"

"Wanalala."

"Basi acha wakae na kioo chao."

Mimi sina moyo wa namna hiyo, na sijui kama nautaka. Kwa sababu naona mambo ya zamani yanarudi. Kundi letu la WhatsApp linaanza kuita Jumapili watu wakiwa ibadani. Mwezi uliopita wakili wetu mmoja alijibu maswali ya mteja akiwa makaburini, bibi yake anashushwa, na badala ya kuona haya tukamsifu kwenye kundi kwa alama za makofi. Alichokidai Hilaria tumeanza kukiuza taratibu, wakati yeye bado hajakabidhi ufunguo wa chumba.

Wiki mbili zilizopita Mzee alimwita.

"Hilaria, hatukuachi uende hivi hivi," alimwambia mbele yetu. "Utabaki mshauri wetu. Kazi ya simu tu. Vijana wakikwama wakupigie, hata Jumamosi."

"Nashukuru, Mzee. Jumamosi nina kwaya."

"Baada ya kwaya."

"Baada ya kwaya nina mume."

Tulicheka, na kwa mara ya kwanza hatukucheka upande wa Mzee.

Hafla hii nayo ilikuwa imepangwa Jumamosi jioni, hotelini. Hilaria aliushukuru uongozi, akasema kama wanataka kumuaga wamuage siku ya kazi, saa za kazi. Ndiyo maana ni Ijumaa saa nne asubuhi na mlango wa ofisi umefungwa. Wateja wameambiwa warudi Jumatatu. Hakuna aliyekufa.

Nilimpelekea wasifu huu ausome kabla haujachapwa. Aliusoma wote, akavua miwani.

"Violet, mdogo wangu, umeandika kama unasoma hati ya mashtaka."

"Ndivyo nilivyokusudia, dada."

"Ondoa hasira."

"Nikiiondoa hakibaki kitu."

Alivaa tena miwani. Kisha akaomba nibadilishe jambo moja: nilikuwa nimeandika kwamba kampuni ilimpokonya miaka yake. Akasema hapana, mingine aliichukua tena, na hiyo ihesabiwe kuwa yake. Nimerekebisha. Mengine yamebaki kama yalivyo, na anayetaka yafutwe anajua chumba changu kilipo.

Dada Hilaria, kwa niaba ya wote waliolala majumbani mwao kwa sababu yako, wanaojua na wasiojua, asante. Asante kwa kusimama siku ambayo kukaa chini kungekupa kila kitu. Hatukuombi uendelee kutukumbuka. Tuna kazi yetu ya kufanya hapa, na kuanzia Jumatatu tutaifanya kwa kelele. Wewe nenda nyumbani. Mwimbe, mle, mbishane kuhusu ndizi. Uishi vizuri, uishi sana, na safari hii uishi kwako.

Wakili Violet Minja
Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake